Mbegu za Sheburungu: Kanuni na Kisa katika Michezo ya Masimulizi

1.0 Utangulizi

Mwaka 1974, katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Mchezo huo ulikuwa wa aina ngeni. Wachezaji huketi kuzunguka meza, kila mmoja akivaa nafsi ya mhusika mmoja: askari, mwizi, mchawi. Mmoja wao hana mhusika wake; yeye ndiye msimamizi anayeueleza ulimwengu wanamosafiri wenzake na kuwapa sauti maadui na wenyeji. Mchezaji husema anachokusudia kutenda, nayo dadu ikirushwa huamua iwapo tendo limefaulu. Hakuna mshindi mmoja, na hakuna mwisho uliopangwa.

Tangu wakati huo wapenzi wa michezo ya namna hii hawajaacha kubishana juu ya jambo moja: kanuni zichukue nafasi gani, na kisa kichukue nafasi gani? Kanuni zikizidi, mchezo hugeuka kuwa hesabu, na wahusika wakawa tarakimu tu. Kisa kikizidi, msimamizi humwokoa kila mhusika anayempenda, na wachezaji hugundua kwamba matendo yao hayana uzito wowote kwa kuwa mwisho umekwisha amuliwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo si geni katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, na kwamba Kivu ya Kaskazini ina ushahidi wake mkubwa, yaani Utendi wa Mwindo wa Wanyanga. Tutauchunguza utendi huo kama masimulizi yenye mchezo ndani yake, na pia kama mchezo wenye masimulizi ndani yake. Kisha tutaulinganisha na vitendawili vya Waswahili na ngoma ya beni. Hoja yetu ya msingi ni hii: mizani baina ya kanuni na kisa haipatikani kwa kupunguza kimojawapo. Hukaa mikononi mwa mwamuzi, na mwamuzi huyo huaminika pale tu ambapo yeye mwenyewe amefungwa na kanuni zilizo nje ya uwezo wake.

Katika makala haya, kanuni ni masharti yanayojulikana kabla ya mchezo kuanza, ambayo huweza kumshinda mchezaji bila kujali anavyotaka. Kisa ni mfuatano wa matukio wenye maana kwa wanaousikia au kuushiriki. Mwamuzi ni yule anayesema kanuni imetimia au haikutimia, na kisa kinaelekea wapi.

2.0 Swali lilivyozuka Ulaya na Marekani

Kabla ya kurejea kwetu, yafaa tuitazame kwa ufupi asili ya mchezo wa 1974, kwa sababu historia yake ndiyo inayolifafanua swali.

Mwaka 1824, katika nchi ya Prussia, luteni mmoja wa jeshi, Georg von Reisswitz, alikamilisha mchezo wa vita ambao baba yake alikuwa ameubuni miaka kumi na miwili nyuma. Ulichezwa juu ya ramani, kwa vipande vilivyowakilisha vikosi. Kila upande uliandika amri zake na kumpa mwamuzi, naye alihesabu umbali, akarusha dadu, akasoma majedwali, kisha akatangaza hasara. Mchezo huo ulienea jeshini, lakini maofisa wengi walilalamika kwamba hesabu zake zilichosha na kuchelewesha. Mwaka 1876 Jenerali Julius von Verdy du Vernois alipendekeza njia nyingine: majedwali na dadu viwekwe kando, na mwamuzi mwenye uzoefu wa vita aamue kwa busara yake. Kwa hiyo, karibu miaka mia moja kabla ya Dungeons & Dragons, pande mbili za mzozo zilikuwa zimekwisha jitokeza: upande wa majedwali na upande wa busara ya mwamuzi.

Hatua ya pili ilipigwa mwaka 1969 katika jimbo la Minnesota, pale David Wesely alipoandaa mchezo wa vita uliohusu mji wa kubuniwa uitwao Braunstein. Badala ya kuwapa wachezaji wote vikosi, baadhi yao aliwapa watu wa mjini, kila mtu na haja zake. Wachezaji walianza kuzungumza faraghani, kudanganyana na kupatana juu ya mambo ambayo kanuni hazikuyatazamia. Wesely alidhani mchezo umemharibikia. Wenzake, akiwamo Arneson, wakamwomba aurudie. Kisa kilikuwa kimeingia kupitia ufa wa kanuni.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika hatua zote hizo hakuna aliyeweza kumwondoa mwamuzi. Majedwali ya 1824 yalimhitaji ayasome. Busara ya 1876 ilimtegemea yeye peke yake. Na mchezo wa 1974 ukampa jina na kiti chake mezani. Swali halisi, basi, ni nani anayemdhibiti mwamuzi. Juu ya swali hili Wanyanga wana la kutufundisha.

3.0 Wanyanga na Utendi wa Mwindo

Wanyanga ni watu wa misitu ya Walikale, upande wa magharibi wa jimbo la Kivu ya Kaskazini. Wawindaji, wategaji na wakulima wa migomba, wana fasihi simulizi pana ambayo ndani yake mna utanzu waliouita karisi. Karisi ni jina la masimulizi marefu ya shujaa. Ni jina pia la mzimu ambao, kwa imani ya Wanyanga, humtaka fanani asimulie na humpa nguvu ya kusimulia.

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, fanani Candi Rureke alimsimulia Mwindo kwa muda wa siku kumi na mbili mbele ya Daniel Biebuyck, mtaalamu wa anthropolojia kutoka Ubelgiji. Matini hayo, pamoja na tafsiri na maelezo, yalichapishwa mwaka 1969 na Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, mwanaisimu aliye Mnyanga. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha matoleo mengine matatu ya tendi za Wanyanga. Kazi hizi zilikuwa na uzito wa pekee katika mjadala wa wakati ule. Mwaka 1970 Ruth Finnegan alitilia shaka kuwapo kwa utanzu wa utendi katika Afrika kwa jumla. Mwaka 1979 Isidore Okpewho alitetea tendi za Kiafrika akimtumia Mwindo kama mmoja wa mashahidi wake, na mwaka 1986 M. M. Mulokozi aliandika tasnifu yake juu ya tendi za nanga za Wahaya.

Mjadala huo ulihusu zaidi umbo: je, haya ni mashairi au nathari? Ni marefu kiasi gani? Kwa kuwa Mwindo husimuliwa kwa nathari inayokatizwa na nyimbo, wengine walisita kumwita utendi. Suala la mchezo halikupewa nafasi kubwa, ingawa limo ndani ya kisa chenyewe.

Kisa, kwa muhtasari, ni hiki. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, awaagiza wake zake saba wazae mabinti tu. Mtoto wa kiume atauawa. Sita wazaa mabinti. Wa saba amzaa Mwindo, ambaye azaliwa akitembea na kusema, na mkononi mwake ana usinga uitwao conga. Baba amrushia mikuki, amzika akiwa hai, kisha amfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mwindo asafiri mtoni hadi kwa shangazi yake Iyangura, awashinda wanaomtegea mitego, na kwa msaada wa wajomba zake wahunzi, na wa Nkuba, mwenye radi, aivamia Tubondo. Baba atoroka kwa kupenya kwenye shina la mmea na kushuka kuzimu. Mwindo amfuata huko. Kabla ya kushuka ampa shangazi ncha ya kamba: ikitulia bila kutikisika, ajue kwamba amekufa.

4.0 Mchezo wa wiki

Huko kuzimu Mwindo apitia kwa wenyeji watatu. Kwa Muisa apewa kazi zisizowezekana: kupanda na kuvuna migomba kwa siku moja, na kurina asali. Afanikiwa, ingawa Muisa ampiga kwa mkanda wa uchawi hata akaribia kufa. Baba atoroka tena, apitia kwa Ntumba, yaani muhanga, na kuishia kwa Sheburungu. Hapo mambo yageuka. Sheburungu hampi Mwindo kazi wala hampigi. Amwalika wacheze wiki.

Wiki ni mchezo wa kamari unaochezwa kwa mbegu. Sheburungu ashinda. Mwindo aweka mali yake, ashindwa. Aweka mifugo, ashindwa. Aweka watu wake, aweka hata shangazi yake na Tubondo, ashindwa. Mwishowe habakiwi na kitu ila usinga. Auweka huo nao, na kuanzia hapo mambo yamgeukia Sheburungu: Mwindo arudisha vyake vyote, kisha achukua vya mwenzake vyote, na mwishowe baba yake akabidhiwa kwake.

Kwa nini fanani alihitaji mchezo mahali hapa? Hadi kufikia kwa Sheburungu, Mwindo ameshinda kila jambo kwa nguvu za kuzaliwa nazo. Msikilizaji amekwisha jua kwamba mikuki haimpati na mashimo hayammezi. Kama kwa Sheburungu pia angeshinda kwa usinga tangu mwanzo, kisa kingekuwa kimelegea. Wiki inamleta mshindani wa aina mpya: kanuni. Mbegu hazimchukii Mwindo, hazimwogopi, wala haziangalii amezaliwa vipi. Kwa mara ya kwanza shujaa anashindwa na kitu kisicho adui yake.

Tazama pia kinachowekwa rehani. Kila kitu ambacho Mwindo akipoteza ni kitu ambacho msikilizaji amekiona kikipatikana. Watu wake ni wale waliorudishiwa uhai baada ya Tubondo kuteketezwa. Shangazi ni yule yule aliyeshika kamba ya uhai wake huko juu. Mpwa anamweka rehani mtu anayengojea habari zake, naye hana habari. Hesabu ya mchezo ni nyepesi, kushinda au kushindwa basi. Lakini kila hesabu imefungwa kwenye kumbukumbu ya kisa. Kanuni imekipa kisa uwezekano wa kushindwa, na kisa kimeipa kanuni sababu ya kushindwa kuuma.

Hapa msomaji makini atapinga: mbegu za Sheburungu si mbegu halisi. Zinaanguka jinsi fanani atakavyo, na kila msikilizaji wa Kinyanga alijua kuwa Mwindo atashinda. Kanuni hii ni ya kisanii tu, na msimamizi anayetangaza matokeo ya dadu asiyoirusha ndiye yule yule tuliyemlaumu mwanzoni. Pingamizi hili ni la haki, na ndilo linalotulazimu kutoka ndani ya kisa na kumtazama fanani mwenyewe.

5.0 Fanani akiwa mchezaji

Fanani wa Mwindo hasimulii akiwa ameketi tu. Kwa mujibu wa maelezo ya Biebuyck na Mateene, yeye huimba, hucheza na kuigiza matendo ya wahusika. Huvaa njuga na hushika kibuyu chenye mbegu ndani. Mkononi huwa na usinga, yaani conga, chombo kile kile alichozaliwa nacho Mwindo. Anapouinua, aliye mbele ya watu ni fanani na ni Mwindo kwa pamoja. Vijana humpigia fimbo ya mdundo na kuitikia nyimbo. Hadhira hushiriki katika viitikio, humtia moyo na humpa zawadi. Katika matini ya 1969 fanani humtaja hata mwandishi aliyekuwa akinakili maneno yake, akimhimiza aendelee. Mwandishi aliyedhani yuko nje ya mchezo alikuta amekwisha pewa nafasi ndani yake.

Kwa hiyo kulikuwa na michezo miwili. Katika mchezo wa ndani, ule wa wiki, fanani ndiye mwenye amri juu ya mbegu. Katika mchezo wa nje, ule wa utendaji, fanani hana amri hiyo. Mdundo ukishika kasi, hana budi kuufuata. Kiitikio kikilegea, hiyo ni dalili kwamba hadhira imechoka na kwamba kipande hiki kifupishwe. Zawadi hutolewa au hazitolewi. Tena, kwa imani ya Wanyanga, fanani hasimulii kwa hiari yake peke yake, kwa kuwa Karisi ndiye anayetaka masimulizi. Mwamuzi ana waamuzi wake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wasomaji wengi wa matini hulipita haraka. Kwa desturi, fanani hakuwa akisimulia kisa chote mfululizo. Alichagua vipande kulingana na siku, mahali na watu. Candi Rureke mwenyewe alisema kwamba kabla ya siku zile kumi na mbili hakuwahi kumsimulia Mwindo mzima, siku baada ya siku, hadi mwisho. Maana yake ni kwamba matini tunayoisoma kama Utendi wa Mwindo ilizaliwa kwa kanuni mpya, iliyoletwa na mtafiti: simulia yote, kwa mpangilio, hadi mwisho. Kanuni hiyo ilituhifadhia kisa, na kwa hilo hatuna budi kushukuru. Lakini pia iliondoa kanuni ya zamani, ile ya kuchagua. Hadhira iliyosikia kipande cha wiki peke yake, bila kuzaliwa na bila kurudi Tubondo, ilisikia Mwindo mwingine: mtu aliyepoteza karibu kila kitu na kukipata tena kwa kitu cha mwisho alichobakiwa nacho.

6.0 Kitendawili na mji

Mtu asije akadhani kuwa hali hii ni ya Wanyanga pekee au ya tendi pekee. Mfano wa pili uko katika utanzu mdogo kabisa, ambao kila mtoto wa Waswahili aliukuta nyumbani.

Mtegaji husema: Kitendawili! Wenzake hujibu: Tega! Kitendawili hutegwa, na wanaotegewa hujaribu kufumbua. Hadi hapo tuna kanuni tupu: swali na jibu, sawa au si sawa. Lakini wakishindwa, mtegaji hudai mji. Hupewa mji wa kwanza, anaukataa. Hupewa wa pili, labda anaukataa pia. Hatimaye hupewa mji unaomridhisha. Ndipo mahali pengi husimulia jinsi alivyokwenda katika mji huo, alivyopokewa na alivyokula, na baada ya hayo ndipo hutoa jibu.

Mpangilio huu unastahili kutazamwa kwa makini. Kisa hakiruhusiwi kuanza mpaka kanuni imemshinda mtu. Haki ya kusimulia ni tuzo. Tena tuzo yenyewe imewekewa mizani na wanaotegewa, kwa kuwa ni wao wanaotaja miji: mtegaji huweza kukataa, lakini hawezi kujichukulia. Na jibu likitolewa mwishoni, wote hulipima. Jibu lisilofungamana na fumbo hukataliwa kwa kelele, na mtegaji huyo hataaminika tena jioni ile. Katika dakika tatu watoto wamepata walichokitafuta maofisa wa Prussia kwa miaka hamsini: mwamuzi anayewajibika kwa walioshindwa.

Kwa upande mwingine uko mchezo wa bao, ambao kanuni zimeshika karibu kila kitu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji hodari huhesabu mizunguko mirefu kichwani. Hata hivyo lugha yake haikukubali kuwa hesabu tupu: kuna nyumba, kuna kula, kete huweza kulala. Mabaki ya kisa yamo katika istilahi, kama kwamba mchezo unakumbuka kuwa ulihusu watu.

7.0 Beni: vyeo bila mwamuzi

Mfano wa tatu unaonyesha mizani ilivyoweza kukosekana. Beni ni ngoma iliyozuka mwambao wa Kenya katika miaka ya 1890, ikiiga bendi za kijeshi za Wazungu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, aliifuatilia kutoka mwambao hadi bara. Huko Mombasa vilikuwapo vikundi vya Kingi na Scotchi. Tanganyika kulikuwa na Marini na Arinoti. Kila kikundi kilikuwa na vyeo, sare, gwaride na mikutano, na wanachama walipandishwa daraja kwa utaratibu unaojulikana. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwatawanya askari na wapagazi kila upande. Majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kivu yaliingia Tabora mnamo Septemba 1916, na baada ya vita ngoma hii, kwa jina la mbeni, ilijulikana hata Katanga. Katika maeneo ya migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilizaa ngoma ya kalela, iliyochunguzwa na J. Clyde Mitchell katika kitabu cha mwaka 1956. Huko alimkuta mfalme, daktari aliyevaa joho jeupe na muuguzi, wote wakiwa wachezaji waliovaa nafsi za watu ambao nje ya uwanja wasingeweza kuwa.

Mwanabeni alikuwa na mhusika, alikuwa na cheo, na alikuwa na kanuni za kupanda cheo. Alikuwa pia na kisa kirefu: ushindani wa pande mbili ulioendelea mwaka hadi mwaka, ukirithiwa na kuzungumzwa. Kilichokosekana ni kimoja. Ndani ya kikundi kulikuwa na wakubwa wa kuamua, lakini baina ya kikundi na kikundi hakukuwa na mwamuzi ambaye pande zote mbili zilimkubali. Nani ameshinda? Aliyevaa vizuri zaidi, aliyechinja zaidi, aliyelisha watu wengi zaidi? Pasipo jibu, gharama ilichukua nafasi ya kanuni. Pande zilishindana kwa karamu zilizowaingiza watu katika madeni, na ushindani uliweza kuvuka mipaka ya mchezo na kuwa ugomvi wa mitaa. Serikali za kikoloni, zilizoitilia ngoma hii shaka ya siasa, hazingeweza kuwa mwamuzi anayeaminiwa, kwa kuwa zenyewe zilikuwa ndizo zinazoigwa.

Beni haikuwa imeshindwa kama sanaa. Tunachosema ni kwamba ilikuwa na kanuni nyingi na kisa kingi, na vyote viwili havikutosha. Wingi wa vitu hivi viwili hauzai mizani.

8.0 Hitimisho

Tumeona njia nne. Prussia ya 1824 iliweka mwamuzi chini ya majedwali. Prussia ya 1876 ilimwachia busara yake. Kitendawili kimemweka chini ya walioshindwa. Karisi imemweka chini ya mdundo, kiitikio, zawadi na mzimu. Beni haikumpata. Kutokana na ulinganisho huu, tunadai kwamba wanaobishana juu ya michezo ya kuigiza wahusika, wakiuliza kanuni ziwe ngapi na kisa kiwe kiasi gani, wanauliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni hili: anayetangaza matokeo anajibu kwa nani?

Dai hili lina maana ya karibu zaidi kwetu. Tunapowafundisha wanafunzi Mwindo, tunawafundisha kisa. Tunawapa muhtasari, tunajadili ushujaa, tunalinganisha na Liyongo. Kanuni za utendaji hatuwafundishi, kwa kuwa hazimo katika muhtasari, na katika matini zimo kwa dalili tu. Ni nani aliyeruhusiwa kushika usinga? Fanani alijuaje kipande gani kinafaa siku gani? Mpiga fimbo ya mdundo aliweza kumkatiza wakati gani? Na wiki yenyewe, ambayo Mwindo aliicheza na kila msikilizaji aliijua, ichezwe vipi leo na mwanafunzi anayetaka kuelewa kwa nini wasikilizaji walishusha pumzi usinga ulipowekwa rehani?

Kisa kinaweza kukaa kitabuni miaka mia bila kudhurika. Kanuni haziwezi, huishi katika mikono na masikio ya watu waliokaa pamoja. Walikale imekosa utulivu wa kukaa pamoja tangu Machi 1993, mauaji yalipozuka katika soko la Ntoto, na vita vilivyofuata vimewahamisha watu wa vijiji mara nyingi. Wazee waliowahi kuitikia viitikio hivyo wakiwa watoto hawaongezeki. Kumrekodi mzee akisimulia Mwindo peke yake mbele ya kinasa sauti ni kurudia kanuni ya 1956 bila siku zake kumi na mbili.

Tunapendekeza, kwa hiyo, utafiti wa namna nyingine, ambao mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kuufanya kwa gharama ndogo. Mzee aketi pamoja na wengine wawili au watatu wanaojua viitikio, hata kama hawajui kisa. Mwanafunzi aandike, kando ya maneno, nani alimkatiza nani, nani alicheka, wapi mdundo ulibadilika na wapi msimulizi aliruka kipande. Mtu anayekumbuka wiki aombwe aicheze hadi mwisho kwa mbegu halisi mkononi, na kanuni zake ziandikwe moja baada ya nyingine, pamoja na zile ambazo wachezaji hubishania. Kijana wa Goma atakayetaka siku moja kutunga mchezo wa mezani juu ya safari ya Mwindo kuzimu, na wapo wanaoweza, hatalazimika basi kuazima dadu za Lake Geneva. Atakuwa na mbegu za Sheburungu, na atajua jinsi zinavyohesabiwa.